Nusu ya Kipepeo

Sanyuanli, Guangzhou
3 Machi 2024

Mdogo wangu Jonas,

Ningekupigia simu, lakini simu zetu unazijua. Tukifika penye la maana mtandao unakatika, tunabaki kuitana haloo haloo kama watu waliopotezana porini. Zulekha anarudi Morogoro keshokutwa na mizigo yake, nimemwomba anibebee barua hii katikati ya robota la suruali. Baba angefurahi. Alikuwa akisema simu ni ya kuulizana mvua, barua ni ya kusema jambo.

Mimi mzima, ila utulivu sina. Huu ni ule msimu ambao Guangzhou nzima inatoka jasho. Si watu, ni nyumba: kuta zinalia maji, sakafu inateleza, nguo hazikauki. Na ule ubao wa baba, ule wa sanduku la kuchachulia kakao lililovunjika, niliokuja nao watu wa uwanja wa ndege wakanicheka, si niliugeuza rafu ya viatu? Basi kwa unyevu huu umeanza kunuka. Siki, pombe, ndizi mbivu, yote. Juzi nimeamka nikadhani nipo bandani kwenu kiwandani na mama Kazija anageuza kakao kwa koleo. Mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza nini kimeoza, akaniamuru niubandue nikauoshe kwa sabuni. Nikamwambia sithubutu, baba atanipiga. Akauliza baba yuko wapi. Nikasema amefariki. Akashuka anatikisa kichwa.

Sasa sikiliza. Nitumie chokoleti za Kipepeo, vile vikubwa vya karatasi ya njano, vingi kadiri Zulekha atakavyoweza kubeba. Bosi wangu mpya, Bi Liang, mwenye kampuni ya biskuti na peremende ninayemtafsiria akikutana na wateja wa Afrika, alionja kimoja mezani kwangu. Mwanamke yule hasifu kitu, hata mwanawe hamsifu. Akatafuna, akafumba macho, kisha akachukua na nusu iliyobaki bila kuomba.

Nikamwambia kwetu nusu ya Kipepeo haichukuliwi, hupewa. Nikamsimulia siku ya kwanza ya darasa la kwanza: nchi nzima, mwenye nacho na asiye nacho, mzazi anakutia Kipepeo mfukoni. Unakula nusu, nusu unampa utakayekaa naye dawati moja. Nikamsimulia na wewe, uliyekula nusu zote mbili ukarudi nyumbani na jicho limevimba. Alicheka mpaka akaagiza chai nyingine.

Hebu niambie, masanduku ya kuchachulia aliyochonga baba bado yote yanafanya kazi? Mtambo wa kukaangia bado unavuja? Wakulima wa Turiani bado wanawaletea kakao yao ninyi, au wamehama? Usiniulize kwa nini nauliza. Nimewakumbuka tu.

Nisalimie wifi Domina na Joyness wetu.

Dada yako,
Benedicta


Kihonda, Morogoro
28 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Barua imefika inanuka suruali mpya. Kwanza nisafishe jina langu kwa hao Wachina wako. Sikula nusu zote mbili. Nusu ya pili iliyeyuka mfukoni, nikailamba. Kulamba si kula. Nilimweleza hivyo hivyo yule mwenzangu wa dawati na hakuelewa, ndiyo maana ya lile jicho.

Vipepeo unavyo mkononi sasa kama Zulekha hajavila. Mwambie bosi wako karibu sana, ila awahi, maana hapa moto unawaka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: kiwanda kinauzwa. Wenye hisa wako Dar, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika koleo la kakao, lakini ndio wanaotuuza. Nani ananunua, hatuambiwi. Mmoja anasema Waswisi, mwingine Waarabu. Mama Kazija anasema yeyote atakayekuja na gari la vioo vyeusi ndiye.

Wafanyakazi wamenichagua mwenyekiti wa tawi la chama chetu. Usicheke. Nimesimama juu ya ngazi ya stoo nikasema Kipepeo si mali ya watu wa Dar, ni ya kila mtoto aliyewahi kukaa dawatini. Walipiga makofi mpaka walinzi wakaja. Halafu nikaapa. Nimesema kuna mtu wetu, anayetujua vizuri, aliyewaonyesha hao wanunuzi njia, maana wanauliza habari za ndani kabisa. Nikimjua ni nani, awe mkubwa au mdogo, kwangu hatakanyaga.

Maswali yako yanafanana na ya mkaguzi, lakini kwa kuwa ni wewe nakujibu. Masanduku ya baba yote yanafanya kazi, ukitoa lile moja ulilolinyofoa ubao. Mtambo wa kukaanga unavuja kuliko zamani. Wakulima wa Turiani wapo, wananung'unika kama kawaida.

Joyness anaanza darasa la kwanza Januari. Ameshaanza kuuliza nusu yake atampa nani. Nimemwambia asubiri, kwanza tuone kama kitakuwepo.

Ni mimi mdogo wako,
Jonas


Sanyuanli
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Jonas,

Hongera mwenyekiti. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Wiki hizi sishikiki. Asubuhi nipo kwenye masoko ya Guangyuan Xilu na wateja wa Bi Liang kutoka Lusaka, nawasukuma kati ya wabeba mizigo wanaokimbia na marobota mgongoni na kupiga kelele upishe. Mchana wauza viatu wa soko la Liuhua wananiita laoban, bosi, na mimi hata duka sina. Jioni naanza kutembea tu, kituo hadi kituo, bila sababu. Nikikaa chini mawazo yananikuta. Usiniulize mawazo gani.

Kuhusu hicho kiapo, mdogo wangu, ungekipunguza makali. Viapo vina tabia ya kurudi nyumbani. Na je, kama huyo mtu hakuwa na nia mbaya? Je, kama alijua mnauzwa tu, atake asitake, akasema afadhali mnunuliwe na anayejua ladha ya anachonunua? Nasema kwa mfano.

Lakini kuna jambo nakuomba, na hili si mfano. Wageni watakuja kuangalia kiwanda. Sijui ni wa wapi, usinikazie macho. Wakija, msiwapokee kwa mabango. Wapokeeni vizuri, mgeni njoo mwenyeji apone. Na usafi, Jonas! Nimewaona watu wa huku wakikagua viwanda. Hawamwangalii mtu usoni, wanapitisha kidole chini ya meza kisha wanakitazama. Osheni. Osheni kila kitu, kuta, mitambo, banda, mpaka mlango wa choo. Wewe ndiye wanayekusikiliza, wakikuona umeshika brashi nao watashika. Niahidi kwamba hakuna kitakachobaki hakijaoshwa.

Ukilifanya hili kazi yako itapona, na ya mama Kazija, na Joyness atapata Kipepeo chake. Naomba uniamini bila kuniuliza.

Dada yako anayekupenda,
Benedicta


Kihonda
30 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Mwenyekiti wako anakuandikia na mikono imebabuka kwa sabuni. Wageni wanaingia kesho. Ni Wachina. Meneja alitutangazia wiki iliyopita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza harusi.

Mwanzo wenzangu walitaka tufunge lango. Nikawaambia hapana, kwanza waone tunachokipigania, ndipo tugombane nao tukiwa na heshima zetu. Tumeosha wiki nzima. Mawe yote kutoka barabarani hadi ofisini yamepakwa chokaa, na miti mpaka kiunoni. Ofisi imetandikwa vitenge. Kina mama wa kufungasha wametunga wimbo, sitakuandikia maneno yake, una mistari miwili ya kumsifu meneja.

Kazi ilikuwa bandani. Unakumbuka masanduku yalivyokuwa, meusi, yanateleza, yamejaa nzi. Mama Kazija alikataa katakata. Alisema marehemu hakuruhusu, sanduku hufutwa kwa jani la mgomba, haliguswi na maji. Nikamwambia marehemu alikuwa baba yangu, nami nilikula viboko nilipolimwagia moja maji nikicheza, lakini hata yeye hakuwahi kusema kwa nini. Nadhani alikuwa mvivu wa kuyaanika tu. Nikatoa barua yako, nikasoma pale pale kwa sauti: osheni kila kitu. Dada yangu anaishi nao, anawajua. Mama Kazija akaweka koleo chini akaenda kukaa nje.

Tumeyapiga maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya waya, na mwisho dawa ya kung'arisha mashuka ya hospitali. Tukayaanika juani. Dada, yametoka meupe! Ungeyaona leo usingejua kama ni yale yale.

Kwa hiyo ahadi uliyoitaka nimeitimiza. Sijui unaniamrisha hivi kwa faida ya nani, lakini nimekuamini bila kukuuliza.

Jonas


Kihonda
3 Juni 2024

Kwako Benedicta,

Tulikuwa mezani, wageni na viongozi wa wafanyakazi, pilau imeshapakuliwa. Bi Liang akasimama kusema neno. Mkalimani wake, kijana Mkenya aitwaye Simiyu, akatutafsiria kwa furaha kabisa, na sauti anayo. Akasema wamefika hapa kwa sababu ya msichana wa kwenu, mtoto wa seremala wa kiwanda hiki, ambaye amewaeleza kila kitu kuhusu masanduku, mtambo na wakulima. Akasema anamshukuru na mdogo wake, bwana Jonas, aliye hapa nasi.

Walinigeukia wote. Uenyekiti nimevuliwa kabla pilau haijapoa.

Uliniuliza maswali, nikakujibu. Ukaniambia nioshe, nikaosha. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mtu wao wa ndani, na sikujua.

Kiapo changu unakijua. Usinipigie simu.

Jonas


Sanyuanli
29 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hupokei simu, na Domina akipokea ananiambia umetoka huku nakusikia unakohoa. Basi utasoma. Ukiichana, Zulekha ana agizo la kukusimulia kwa mdomo, na unajua hawezi kufupisha.

Ni mimi, sitakuzungusha. Desemba Zulekha aliniambia wenye hisa wameshaamua kuuza, na mnunuzi aliyekuwa mlangoni alitaka kiwanja tu, abomoe ajenge maghala. Kiwanja, Jonas! Banda la baba liwe mahali pa kulaza makontena. Nilizunguka mji huu kama kuku anayetaka kutaga. Kisha Bi Liang akala ile nusu yangu, akafumba macho. Nikamwambia inakotoka. Nikamwambia inauzwa.

Ningekuambia wewe ungesimama juu ya ngazi yako ya stoo. Bi Liang angesikia kelele akaondoka, na yule wa maghala angeingia. Nilikuficha kwa sababu nakujua. Hilo ndilo kosa langu na sijui kama ningelitenda vingine.

Bi Liang amerudi amefurahi. Anayasimulia yale mawe meupe kwa kila mtu, anadhani ni desturi yetu ya dini. Amekubali masharti yangu yote: kiwanda kibaki Morogoro, watu wabaki, mtambo wa kukaanga ubadilishwe, banda lisiguswe. Yeye ana sharti moja tu. Kabla ya kutia saini anataka aonje fungu jipya, lililochachuliwa baada ya ziara yake, hapa Guangzhou, mbele ya washirika wake. Akikuta ladha ile ile, anasaini.

Yaani tumeshapona. Ladha ile haijawahi kumwangusha mtu. Nichague mimi niwe adui wako ukipenda, mwaka mzima, lakini hilo fungu lichague wewe kwa mkono wako.

Benedicta


Kihonda
19 Agosti 2024

Kwako Benedicta,

Naandika kwa kuwa meneja ameniagiza. Sampuli za fungu jipya anazo Zulekha, zimefungwa vizuri, karatasi haijakunjwa.

Huku kila kitu ni kisafi. Bandani siku hizi hakuna hata nzi. Mama Kazija anakuja kazini na sweta.

Sikuulizwa habari ya ladha, niliulizwa uzito tu. Uzito ni sawa.

Jonas


Sanyuanli
15 Septemba 2024

Jonas,

Nimetoka huko sasa hivi, hata viatu sijavua.

Meza ndefu, washirika wake, vikombe vya chai, na Vipepeo vyetu kwenye sahani nyeupe. Mimi pembeni, nimevaa kitenge cha mama kama mtu aliyekwenda kuolewa. Bi Liang alivunja kimoja katikati, akala nusu yake. Hakufumba macho. Aliyafungua zaidi. Akanisukumia mimi nusu ya pili, alikumbuka desturi yetu nilivyomfundisha, na hapo ndipo nilipotamani asiwe ameikumbuka.

Nikala. Ilikuwa sukari, Jonas. Sukari na uchungu kama wa majani makavu, na kati yao hakuna mtu. Ile siki ya mbali haipo. Ule utamu wa tunda unaokuja mwishoni ukiwa umeshakata tamaa, haupo. Nilitafuna huku machozi yananitoka, na washirika wakadhani ni furaha, mmoja akapiga makofi.

Bi Liang alisema "kaolu, kaolu," nitalifikiria. Nimekaa huku miaka ya kutosha, ukiambiwa hivyo sokoni beba mkoba wako uondoke.

Nilirudi nikaitafuta barua yako ya Mei. Niliisoma wakati ule kwa haraka, nikafurahi kwa ajili ya usafi. Leo nimesoma pale unaposema mama Kazija aliweka koleo chini. Nimesoma nikiwa nimekaa sakafuni mbele ya rafu ya viatu, na ubao wa baba unanuka mbele ya pua yangu. Ubao huu niliukatalia mwenye nyumba, sikuuosha. Halafu nikachukua kalamu nikawaamuru ninyi muoshe yote. Ile harufu ni ya chachu, ndiyo iliyokuwa inafanya kazi, Jonas. Ilikuwa hai ndani ya mbao, inarithishana fungu kwa fungu tangu baba ni kijana. Tumeipiga dawa ya mashuka.

Nikarudi ofisini kwake mbio, nikamkuta Bi Liang kwenye lifti nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza. Akasema kitu kisichostahimili sabuni hatakijengea kiwanda. Atanunua jina na karatasi ya njano, basi. Chokoleti yenyewe itatengenezwa kwa unga wa kakao wa kununua, hapa hapa nje ya mji. Ladha ilipotea, likabaki jina, na jina analitaka, anasema lina watoto wengi.

Aliniomba nitafsiri mkataba. Sina la kujitetea mbele yako.

Benedicta


Kihonda
20 Oktoba 2024

Dada,

Jana wametufungia banda. Masanduku wameyatoa nje, na watu wa mgahawa wa lango la pili wameanza kuyapasua kuni. Nimewatazama. Yanawaka vizuri.

Nilijua. Tangu fungu la kwanza baada ya kuosha nilijua. Kakao ilikaa humo baridi, nikiingiza mkono ndani ni kama kuingiza ndani ya ndoo ya maji, wakati zamani ilikuwa inakuunguza. Nilionja kabla ya kufungasha. Ningeweza kukutumia vile vya zamani vilivyokuwa stoo, Bi Liang angesaini, tungepata muda wa kutafuta dawa. Au ningekuambia tu. Nikasema moyoni acha aumbuke mbele ya Wachina wake, kama mimi nilivyoumbuka mbele ya pilau.

Kwa hiyo usilie peke yako, tumekimaliza wawili. Mama Kazija amekwenda kwao Turiani bila kuniaga. Mimi niko nyumbani, natengeneza viti vya watu kwa zana za baba. Joyness ananiuliza kila siku kama kitakuwepo, nami nimeishiwa uongo.

Nakuuliza swali moja. Ule ubao wa rafu, kweli hujawahi kuuosha? Hata mara moja? Hata kuufuta kwa kitambaa cha sabuni?

Jonas


Sanyuanli
10 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Haujaoshwa. Viatu vyangu vyote viko sakafuni.

Zulekha anao. Nimeufunga kwa jani la mgomba. Ndiyo, migomba ipo huku, nilikwenda kulikata kwenye bustani ya watu nyuma ya ofisi za mizigo na mlinzi akanifukuza. Juu ya jani nimefunga gunia, kisha suruali. Nimemwapisha Zulekha mara nyingi mpaka akanitukana. Asiupitishe karibu na sabuni, marashi, wala zile dawa za mende anazopenda. Akiulizwa uwanjani aseme ni kibao cha chapati.

Sina amani kabisa. Ubao umekaa mkavu miaka, umebanwa na viatu vya plastiki, sijui kama ndani kumebaki chochote. Lakini mwezi Machi ulinuka. Kitu kilichokufa kinanuka kuoza, na huu haukunuka kuoza, ulinuka kazini. Nashikilia hapo.

Kwa Bi Liang nimeacha. Alitaka nisimamie Kipepeo chake huko Afrika ya Mashariki, nikamwambia "kaolu, kaolu," akanielewa. Sasa nipo kwenye ofisi ya mizigo hapa chini, naandika majina ya watu juu ya marobota.

Usiniambie asante. Nijulishe tu kama ubao umepata joto.

Benedicta


Kihonda
26 Januari 2025

Dada Benedicta, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa sina la kukuambia, halafu nikawa nalo nikaogopa kuliandika.

Nilichonga sanduku dogo, na ubao wako nikauweka chini, uwe sakafu yake. Nikalibeba mpaka Turiani kwa mama Kazija. Mlangoni aliunusa kwanza ule ubao, kisha akanipisha. Fungu la kwanza lilioza, tukalimwaga, na sikula siku ile. La pili, mama Kazija alilifunika majani, akakaa pembeni yake kama anauguza mtoto. Asubuhi moja akaniita. Nzi walikuwa wamejaa. Nikaingiza mkono ndani na nikautoa haraka, dada, palikuwa panaunguza! Mimi mtu mzima nimelia mbele ya nzi.

Tulikaanga kwa sufuria, tukasaga kwa mashine ya karanga ya jirani. Sikudanganyi, si ile. Ni kavu zaidi, na inachelewa kuja. Lakini ile siki ya mbali ipo, na ule utamu wa mwishoni upo. Kama si yenyewe basi ni mdogo wake. Jina hatuna, tungethubutu kuiita Kipepeo tungefungwa. Tumeifunga kwa karatasi ya daftari la Joyness.

Vile vya kwenu, namaanisha vya Bi Liang, vimejaa madukani, karatasi ya njano inang'aa kuliko zamani. Siku ya kufungua shule kila mtoto alikuwa nacho. Joyness alikuwa na kile cha karatasi ya daftari na alinuna njia nzima, anasema ninamwaibisha. Nilisimama nje ya dirisha la darasa kama mwizi. Mtoto aliyekaa naye alitoa nusu ya njano, Joyness akatoa yake, wakabadilishana kama inavyotakiwa. Yule mwenzake alitafuna polepole. Kisha akairudisha nusu yake ya njano mfukoni na kunyoosha mkono tena kwa Joyness. Mchana mwanangu alirudi na karatasi tupu ya daftari, na nusu ya njano nzima akaiacha kwenye sinia. Alisema kesho yake anataka mbili, moja ni ya mwalimu.

Kile kiapo niliapa mbele ya watu, kwa hiyo nimekwenda kukifuta mbele ya watu. Niliwaita waliokuwa bandani, wako wengi, hawana kazi. Nikawaambia aliyetuuza ni mimi na dada yangu, na aliyetubakizia mbegu ni yeye. Baadhi walinung'unika. Watatu wamenifuata Turiani.

Nyumbani mlango uko wazi. Njoo kabla masika hayajaanza, kuna masanduku ya kuchonga, na kila moja linataka kulala siku kadhaa kifuani mwa ule ubao wako ndipo liamke. Hakuna atakayeosha kitu.

Ndani ya bahasha hii kuna nusu. Nyingine nimekula mimi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Robota la Zulekha lina joto, kwa hiyo ukiikuta imeyeyuka, ilambe. Kulamba si kula.

Ni mimi mwenzako wa dawati,
Jonas